Shingo ya Mwalimu wa Idodi

Uyole, Jumapili alasiri

Atupele mwanangu,

Salamu naziruka. Asubuhi uliniamkia ukiwa umeinamia sufuria, nami nikakuitikia nikitazama dirishani, kwa hiyo kwa leo tumeshaamkiana. Sasa umekwenda kusukwa kwa ajili ya safari ya kesho. Rasta zitachukua jioni yote, nami nimepata nafasi ya kuandika bila kukuona usoni. Nikikuona usoni nitapiga kelele kama juzi, na majirani wameshasikia ya kutosha.

Habari za blanketi, sweta, viazi na unga siandiki. Vyote vimo kwenye mifuko na wewe si mtoto. Iringa kuna baridi kama ya hapa, hutakufa. Ninachotaka kuandika ni kile nilichoshindwa kukisema juzi kwa sababu nilikuwa napiga kelele. Nimesalitiwa, Atu. Nimesalitiwa mara mbili, na mara ya pili umenisaliti wewe.

Kazi umeitafuta mwenyewe, hilo sikulaumu. Umesomea kupiga picha za hospitali, umejitolea bila mshahara mpaka viatu vimekwisha, umechoka kuomba vocha kwa mama yako. Lakini kazi uliyoipata ipo kwenye kituo cha vipimo cha Fausta, huyo unayemwita Anti, na mmeipanga ninyi wawili kwa miezi, mkiongea kwenye simu huku mimi niko chumba cha pili nikidhani unaongea na mchumba. Nilifurahi hata. Nilimwambia mama yako mdogo, "Atu amepata mtu, siku hizi sauti imekuwa laini." Kumbe mtu mwenyewe ni Fausta. Nimejua juzi, tena si kwa mdomo wako. Nimejua kwa ujumbe wake, wa kwanza tangu aliponigeuka: "Dada, ndaga sana kwa kuniazima binti. Nitamtunza kama wangu."

Kuniazima. Yeye ni Mhehe wa Tosamaganga, lakini alijua kuniwekea shukrani ya Kinyakyusa ili nilainike. Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimesimama, nikausoma tena nikiwa nimekaa. Maji ya chai yakakauka jikoni mpaka sufuria ikaanza kunuka.

Ulipoingia nikakuuliza. Ukanijibu bila hata kuvua viatu, "Mama, mi ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa si ndo maana. Na Anti ameshanieleza yote. Kasema ile picha iliwadanganya wote, yeye na wewe. Yameshaisha hayo, Mama."

Hapo ndipo nilipopiga kelele, na nadhani hukuelewa kwa nini. Ulidhani ni kwa sababu ya kazi. Nilipiga kelele kwa sababu ya hilo neno, kwamba picha ilitudanganya. Kesho unaondoka nalo kichwani, na kuanzia wiki hii utakuwa unalaza watu kwenye mashine na kupiga picha za shingo zao. Ukiamini kwamba picha ndiyo iliyokosa, utamuumiza mtu kama sisi tulivyomuumiza, na hutajua kama ni wewe. Kwa hiyo nakueleza mwenyewe, kuanzia mwanzo, hata yale unayodhani unayajua.

Mimi na Fausta tulisoma darasa moja la udaktari na mwaka wa mafunzo tulilala kitanda kimoja, kwa sababu chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Baba yako alipofariki, ndugu zangu walikaa siku za matanga wakaondoka. Fausta alibaki. Alikuogesha, alikulisha, alinilazimisha kunywa uji. Mimi niliendelea na masomo nikawa daktari wa kusoma picha, yeye akarudi Iringa, akahangaika na benki na wajomba mpaka akafungua kituo chake. Alikuwa na mashine nzuri kuliko ya kwetu, lakini hakuwa na mtu wa kusoma. Akawa ananitumia mimi. Wanabandika filamu dirishani, wanaipiga picha kwa simu, picha inakuja Mbeya, mimi natazama na kujibu kwa sauti. Ulikua ukiona hivyo. Hata kwenye sherehe ulikuwa unaniambia, "Mama, Anti katuma shingo." Tulicheka sana na hiyo kauli yako.

Utaratibu huo ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, na wote wawili tulijua. Lakini ulikuwa unasaidia watu, na mimi nilipenda kuitwa. Nikuambie kweli, nilipenda sana kuitwa.

Shingo ilishawahi kuniaibisha kabla ya hapo. Unakumbuka gauni lako la bluu la darasa la tatu? Kitambaa kile alinipa Mzee Jiwan, yule mwenye duka la vitambaa hapa mjini ambaye familia yake imekuwa Mbeya tangu babu yake. Alikuja na kizunguzungu. Nikatazama picha yake, ile nzuri ambayo kila mtu huipenda. Wewe unaijua, lakini nakukumbusha inavyotengenezwa, kwa sababu mkishazoea huwa mnasahau. Mashine inapiga shingo vipande vyembamba, kama mtu anayekata kitunguu. Kisha kompyuta inaokota vile tu vinavyong'aa katika kila kipande na kuviunganisha, na unapata mishipa imesimama myeupe kwenye giza, inapanda kutoka kifuani mpaka kichwani. Kwa Mzee Jiwan, mshipa wa kushoto ulifika penye panda ukakatika. Pengo jeusi, halafu ukaendelea juu. Nikaandika kwamba umekaribia kuziba kabisa.

Mzee wa watu akaaga. Aliita ndugu, akampa mpwa wake funguo za duka, akagawa vitambaa, na kimoja kikaja kwangu. Alipofika Dar kwa ajili ya upasuaji wakampima upya kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, wakakuta mshipa umebana kidogo tu. Damu ikifika penye panda huzunguka kama maji yanayogonga jiwe, na ile picha inaona vizuri damu inayopita moja kwa moja. Inayozunguka inaipoteza, panabaki peusi. Mimi niliona peusi nikadhani pameziba. Vipande vyenyewe sikuvifungua, nilitosheka na ile picha nzuri.

Alirudi akanifuata ofisini. Niliogopa, nikadhani amekuja kunishitaki. Akakaa, akafuta miwani, akasema, "Daktari, mimi nashukuru niko hai. Ila mpwa wangu hajakubali. Funguo hanirudishii." Tulicheka mpaka machozi yakatoka, lakini duka hakulipata tena. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye kiti cha mteja ndani ya duka lake mwenyewe. Nilimkuta hapo mara nyingi, nikawa nanunua vitambaa nisivyovihitaji.

Kuanzia hapo nikawa mkali kwa kila pengo jeusi. Hakuna mtu aliyeniambia mshipa umeziba nikamwamini kabla sijafungua vipande. Nilijiona nimeelimika. Kumbe nilijifunza nusu. Nilijifunza kushuku peusi, peupe nikaendelea kupaamini.

Sasa nakuja kwa Mwalimu Yohana. Nataka umjue kama mtu, kwa sababu najua Fausta hamtaji kwa jina, anamwita "ile kesi". Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Idodi, kwenye barabara ya kwenda mbugani, kijana tu, alikuwa hajaoa. Alikuja Iringa mjini kwa harusi ya kaka yake. Kabla ya harusi akaenda kunyoa. Kinyozi akamnyoa, akamwosha, akamkanda mabega, na mwisho akamshika kidevu na kisogo akamgeuza shingo mpaka ikalia upande huu, kisha upande ule. Ndivyo wanavyofanya vinyozi wote, na wateja wanakwenda pale kwa ajili ya hiyo. Hata baba yako alikuwa anapenda. Akaenda harusini akacheza. Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumuuma upande wa kushoto, nyuma ya jicho, na kope la kushoto likawa linashuka. Wenzake wakamtania kwamba anakonyeza wasichana wa harusi. Akarudi mjini, akafika kwa Fausta.

Pale akaulizwa kuhusu presha. Akaulizwa kuhusu sukari. Hakuna aliyemuuliza kama ametoka kunyoa, na yeye hakuona sababu ya kulitaja. Mtu gani anamwambia daktari habari za kinyozi?

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya kununua vitu vya kipaimara chako. Tulikuwa sokoni Uyole, mimi na wewe, na wewe ndiye uliyeshika kapu. Simu ikalia. Shingo. Jua linawaka, kioo cha simu kina ufa, mama wa maharage anataka kunizidishia bei na mimi nabishana naye huku nacheka. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mishipa myeupe, imesimama, hakuna pengo hata moja. Nikashika kitufe nikasema, "Fausta mdogo wangu, nimeiona. Iko safi hiyo, pande zote zinapita. Mpe dawa ya maumivu, mwambie apunguze mawazo." Na nikacheka, kwa sababu mama wa maharage alikuwa amenishika mkono wa gauni.

Tulipokuwa kwenye viazi kitu kikawa kinanisumbua. Nikakuambia unisubiri. Nikaingia kivulini nyuma ya lori nikaifungua tena. Mshipa wa kushoto ulikuwa mnene kidogo kuliko wa kulia, na weupe wake haukuwa weupe ule ule. Ulikuwa umefifia, kama ukuta uliopakwa chokaa zamani. Nikamtumia sauti ya pili. Hiyo naikumbuka neno kwa neno: "Fausta, subiri. Kushoto hapanipendezi. Nitumie vipande vyenyewe, na mrudisheni mezani mpige ile ya kuzima mafuta. Usiandike kitu kwanza."

Wewe umeshasoma hayo chuoni, lakini chuoni wanayasoma kama jambo la mtihani. Mshipa ukichanika kwa ndani, damu inaingia kwenye ukuta wa mshipa na kukaa humo. Ikikaa siku kadhaa inaanza kung'aa yenyewe kwenye mashine, ingawa haiendi popote. Kompyuta inapookota vinavyong'aa inaiokota na hiyo, inaiunganisha na damu inayopita, na wewe unaona mshipa mpana wenye afya wakati njia yenyewe imebaki kama uzi. Ukifungua vipande utaona ming'ao miwili iliyopakana, mmoja mkali na mmoja uliofifia. Na ukiyazima mafuta ya shingoni, maana nayo yanang'aa na kuficha mambo, unauona mwezi mwandamo mweupe umekumbatia tundu dogo jeusi. Hapo huhitaji kuambiwa na mtu. Mgonjwa huyo anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, analazwa, na mara nyingi anapona.

Fausta alisikiliza sauti zote mbili. Alama ilionyesha kwamba amesikiliza. Mwalimu Yohana alikuwa bado kwenye benchi nje, na mama yake aliyekuja naye alilisema hilo baadaye kwa mdomo wake. Lakini mezani alishalala mgonjwa mwingine, foleni ilikuwa ndefu, na basi la Idodi halisubiri. Fausta akaandika majibu: mishipa ya shingo, kawaida. Chini akaweka jina langu kama msomaji wa picha. Jioni nikamuuliza mmefikia wapi. Akajibu, "Tumeshamaliza dada, usijali. Fanya sherehe." Nikafanya sherehe. Sikumuuliza wamemaliza nini. Ningemuuliza hilo swali moja tu, leo Mwalimu Yohana angekuwa anafundisha.

Alianguka darasani wiki iliyofuata, chaki mkononi, watoto wakadhani anafanya mchezo. Upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea.

Ndugu zake walilalamika, na walikuwa na haki. Tukaitwa Iringa na wakubwa wa afya kujieleza. Hapa ndipo sehemu ambayo Fausta hakukueleza, naweza kuapa, kwa sababu ungekuwa umeijua usingenijibu ukiwa na viatu miguuni. Siku moja kabla ya kikao nililala nyumbani kwake. Alinipikia. Alininyooshea blauzi kwa pasi. Tulikaa mezani akaniambia, "Dada, kesho tuseme ukweli wote, wote wawili, tubebe pamoja." Nikalia kwa shukrani. Nilidhani Mungu amenipa ndugu kuliko wale wa tumbo moja.

Kesho yake tukaingia kwenye kikao. Wakubwa wamekaa upande mmoja, mama yake Yohana upande wa pili, amejifunga khanga mbili na kushika mkoba magotini. Fausta akaulizwa kwanza. Akatoa simu, akasema, "Mimi si msomaji wa picha, nilifuata ushauri wa mtaalamu," akabonyeza. Sauti yangu ikajaa chumba kizima. Iko safi hiyo, pande zote zinapita. Na kicheko. Kisha akaizima simu akaiweka mezani. Ya pili hakuibonyeza.

Nilimtazama nikingoja. Kweli nilingoja, Atu, kama mjinga, nikidhani anatafuta ile ya pili. Yeye alikuwa anatazama mikono yake. Nikatoa simu yangu nikaibonyeza mwenyewe, wakasikia. Akaulizwa. Akasema, "Hiyo ilifika mgonjwa ameshaondoka." Mama yake Yohana akasema hapana, tulikuwa kwenye benchi. Wakubwa wakanong'onezana, wakatupa onyo sote wawili, na wakasema mambo ya kutuma picha kwa simu yakome. Ikawa imekwisha kwa upande wao.

Kwa upande wangu haikuisha. Mlangoni mama yake Yohana alinisubiri. Nilidhani atanishukuru kwa ile sauti ya pili. Akasema kwa utaratibu kabisa, "Daktari, ulikuwa unacheka." Nikajaribu kumweleza habari za mama wa maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini mwanangu alikuwa anaumwa, na wewe ulikuwa unacheka." Akainamisha kichwa kidogo kuniaga, akaondoka.

Nilikwenda Idodi baadaye. Nilikuambia nakwenda kwenye semina. Walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti na maji ya kunawa. Yohana alikuwa amekaa barazani. Alinipa mkono wa kushoto na alitaka kusema "karibu". Lilianza, likakwama, likaanza tena. Nilikaa pale nikalisubiri lile neno mpaka likatoka lote, na alipolimaliza alitokwa jasho. Sikurudi tena. Nasema nitarudi, kisha sirudi.

Kwa hiyo ukiniambia picha ilitudanganya, unaona ninavyojisikia. Picha ilionyesha kila kitu. Ilionyesha weupe uliofifia, ilionyesha unene usio wa kawaida, na vipande vyote vilikuwa ndani ya kompyuta vikingoja mtu avifungue. Mimi nilitazama kwa kioo chenye ufa huku nikibishana bei, na Fausta aliniruka. Hayo ndiyo yaliyotokea. Ikisemwa kwamba ni picha, basi hakuna mtu aliyekosa, na Yohana ameanguka hivi hivi tu.

Fausta si mtu mbaya, na hilo nalo linaniuma kuliko kama angekuwa mbaya. Atakupokea stendi mwenyewe. Atakupikia, atakununulia makoti ya kazini, atakusomesha kama alivyokuahidi, na atakupenda kweli, kwa sababu amekupenda tangu ukiwa mchanga. Ndivyo alivyonipenda na mimi. Aliponinyooshea ile blauzi hakuwa anaigiza, nina hakika. Aliogopa tu, kituo chake kilikuwa hatarini, na ilipobidi mmoja atolewe kafara alinitoa mimi. Na wewe siku moja ataogopa ukiwa karibu.

Usikubali jina lako liwekwe chini ya kazi usiyoimaliza. Mgonjwa wa shingo akiwa kijana, muulize alivyoishi wiki hiyo, muulize kama amebeba, ameanguka, amenyoa. Ukiwa na wasiwasi usimshushe mezani, hata foleni ikununie. Na mtu akikuambia "tumeshamaliza", mwulize nini. Sikuandikii hivi kama mwalimu wako. Haya ndiyo yaliyonigharimu.

Sauti ya pili bado ninayo. Nimehama nayo simu baada ya simu. Juzi nilitaka kukusikilizisha, kidole kilikuwa kimeshafika, nikaacha. Ulisema Anti amekueleza yote. Basi siku moja mkiwa mmekaa vizuri, mwulize kama kwenye hayo yote imo sauti ya pili, na umtazame anavyojibu. Mimi usiniambie alichosema. Kijue wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa unafanya naye kazi.

Sasa yetu sisi wawili. Ungeniambia tangu mwanzo ningekataa, ningelia, ningesusa chakula siku mbili kama ninavyosusa. Kisha ningekubali, Atu, kwa sababu kazi ni kazi na nimekuona ulivyochakaa kwa kujitolea. Ulinionea huruma kwa kunificha, kumbe uliniibia nafasi ya kukubali. Miezi yote hiyo ulikuwa unakula nami sahani moja. Uliponiuliza kama nimelala vizuri, ulikuwa umetoka kuongea naye. Nikikumbuka kila asubuhi ya namna hiyo nashindwa kujua ipi ilikuwa ya kweli. Yeye alinitendea hivyo siku moja, kikaoni. Wewe umenitendea hivyo kila siku, na wewe nimekuzaa.

Kesho nitakusindikiza. Nitabeba mfuko wa viazi, sitaongea sana, na watu wa stendi wakidhani nina huzuni ya mama anayeagana na binti, waache wadhani hivyo.

Nilitaka kumalizia kwa kuandika kwamba nimekusamehe. Mara mbili nimeiandika na mara mbili nimeikata, alama utaziona hapo juu ya mstari. Sijakusamehe. Unakwenda mahali ambapo kwa jina langu iliandikwa "kawaida" penye kitu kisicho cha kawaida, na mtu akaanguka, na mimi siwezi kukupa karatasi ya namna hiyo uondoke nayo. Hali yangu ni mbaya na nimekasirika. Labda nitapoa, sijui lini.

Ukifika Iringa nipigie. Nitapokea nikiwa bado nimekasirika, na ukinipigia kesho kutwa pia nitapokea.

Mama yako